Mpira wa mafuta ya korosho

Saa moja asubuhi. Mvua imekatika, lakini matone bado yanadondoka kutoka kwenye mabati ya ghala la kijiji, na Ismaili Mchopa ameshachuchumaa mbele ya gunia la korosho. Anaviringisha kitambaa kikuukuu kuwa ngata, anaibandika utosini, anangoja. Wenzake wawili wanalinyanyua gunia na kumtwika. Anainuka taratibu, shingo imekaza kama nguzo, anaanza kuelekea kwenye lori.

Hatembei kama wenzake. Uso ameugeuza kidogo kulia, ili jicho la kushoto litangulie. Njia ya ghalani anaijua kwa nyayo, lakini ubao wa kupandia lorini hauamini. Kila akifika hapo husimama, akaupapasa kwa kidole gumba cha mguu, ndipo akaukanyaga.

"Haya, Paji, ubao huo!" mpakiaji mmoja anamtania kutoka juu ya lori. "Usije ukatumwagia korosho za taifa!"

"Nyamaza wewe. Korosho za taifa nimeanza kuzibeba wewe ukibebwa mgongoni."

Wanacheka wote. Ismaili naye anacheka, analitua gunia, anarudi kuchukua jingine.

Paji ndilo jina lake. Katika kijiji hiki cha ujamaa, kata ya Mpapura, ukimuulizia Ismaili Mchopa utaonyeshwa nyumba tatu tofauti. Ukimuulizia Paji, hata mtoto anayetambaa atakupeleka. Miaka sita iliyopita paji hilo la uso lilitikisa nyavu kuanzia huku mashambani hadi Mtwara mjini. Leo kichwa chake kinabeba magunia kwa shilingi kumi kwa siku, tena wakati wa msimu tu. Mpira hakiugusi.

Na tangu juma lililopita, hata kuwafundisha wengine kuugusa ameambiwa aache.

Hilo angelimeza. Analoshindwa kulimeza limening'inizwa kwenye baraza ya Kasiani Nandonde, mwenyekiti wa kamati ya michezo ya kijiji. Ni mpira mmoja wa ngozi, mpira pekee wa kijiji kizima, umepakwa mafuta ya maganda ya korosho na sasa unameremeta kama chungu kilichotoka tanuruni. Vijana wa timu ya Chapakazi watauchezea Jumapili ijayo, mvua ikinyesha au isiponyesha.

"Watauchezea kwa vichwa," anasema Ismaili, akilifuta jasho jicho lake la kushoto. Jicho la kulia haliguswi. "Mimi ndiye niliyewafundisha kuupiga kwa vichwa. Sasa hesabu wewe mwenyewe."

Ismaili alizaliwa miaka thelathini na mitatu iliyopita, mtoto wa mkulima wa mikorosho na mihogo. Shule aliishia darasa la nne. Mpira wa kichwa alifundishwa na rafiki yake Alfredo, kijana ambaye wazazi wake waliuvuka mto Ruvuma wakikimbia vita vya Wareno, wakapokelewa Kilambo, kisha wakapewa shamba jirani na la kina Mchopa.

Alfredo alikuwa winga. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na adabu ya ajabu: ukiuambia upeleke mpira mahali, unaupeleka. Alichokosa ni mtu wa kuupokea. Basi akashona kifuko, akakijaza sufi, akakifunga kwa kamba kwenye tawi la mkorosho, akamsimamisha Ismaili chini yake.

"Siku ya kwanza nilifumba macho," Ismaili anakumbuka. "Alfredo akanizaba kofi la bega. Akaniambia, 'Wewe unaogopa mfuko wa sufi? Bibi yangu analalia huo!'"

Ukimwomba akueleze namna mpira unavyopigwa kwa kichwa, Ismaili haelezi, anasimama. Miguu anaitanua, mmoja mbele, mwingine nyuma. Kidevu anakiingiza shingoni. Meno anayakutanisha, maana anayepiga mpira kwa mdomo wazi hujikata ulimi. Kisha anajipinda kwenda nyuma kama upinde, anabaki hapo kidogo, anajiachia. Wapagazi wenzake pale ghalani huacha kazi wakamtazama.

"Watu hudhani mpira wa kichwa unapigwa na kichwa," anasema. "Unapigwa na kiuno. Kichwa ni nyundo tu, mpini wake ni kiuno na shingo. Tena uupige wewe, usingoje ukupige. Ukiungoja umeumia."

Kisha anajigusa sehemu mbili. Kwanza utosini: "Hapa ni pa gunia." Halafu juu kidogo ya nyusi, pale mfupa ulipo bapa na mnene: "Hapa ndipo pa mpira."

Na macho?

"Macho wazi. Mpaka ugusane nao. Asiyeuona mpira atapiga hewa, au atapiga kichwa cha mwenzake."

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walikuwa wakiwasema wenye tamaa ya kutazama. Ismaili akiusikia msemo huo siku hizi huinamisha uso.

Mwaka 1971, Chapakazi ilikuwa na mpira mmoja wa ngozi, wa vipande vilivyoshonwa kwa mkono na kufungwa kamba mdomoni. Kiangazi ulikuwa mwepesi. Masika ulikunywa maji kama ngamia, ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Ismaili anasema baada ya mechi za mvua aliona vimulimuli mchana kweupe, na mara nyingine alitapika njiani. Hakuna aliyeshangaa. Kichwa kilichozoea gunia, walisema, mpira utakifanya nini?

Siku hizi kichwa humuuma tangu asubuhi mpaka jioni mawingu yakitanda, na zipo siku ambapo huanza sentensi akaisahau katikati. Hospitali hawakumwambia kwamba ni mpira. Wala hawakumwambia kwamba si mpira.

Wakati ule, kilichowasumbua wanakijiji si kichwa cha Ismaili. Ni ngozi ya mpira. Ilikuwa inapasuka na kuoza kwa maji, na mpira mwingine usingepatikana upesi. Kasiani, golikipa wa timu na kijana mwenye akili za ufundi, ndiye aliyepata wazo.

Kila mtu wa Mtwara anayajua mafuta meusi yanayotoka kwenye ganda la korosho likipata moto. Nguzo ya nyumba ikipakwa, mchwa hawaili. Mtumbwi ukipakwa, maji hayauingii. Kwa nini ngozi ya mpira isipakwe?

Wakaupaka, wakauanika juani mpaka ukakauka kama umepigwa rangi. Maji yakaukataa. Kijiji kizima kikasifu.

Kijiji kizima, isipokuwa Somoe.

Somoe ni mke wa Ismaili, na kubangua korosho ndiyo kazi aliyokulia. Vidole vyake vina ncha nyeusi, ngumu, zisizosikia tena moto wala sindano. Wabanguaji wa nyumbani hujipaka majivu au mafuta ya nyonyo kabla ya kushika korosho zilizochomwa, na hata hivyo ngozi hubabuka. Siku mpira ulipopakwa, alikuwa amepita na ndoo ya maji.

"Nilisema mbele ya wanaume wote," anasema, akiwa ameketi mkekani na jiwe la kubangulia mkononi. "Jamani, mafuta hayo yamenila vidole tangu sijavunja ungo, nyie mnataka kuyapiga kwa nyuso? Kasiani akanijibu, 'Shemeji, mpira hauna mambo ya kikaangoni.' Haya. Kikaango kikawafuata uwanjani."

"Ulisema mara moja tu, mama Halima," Ismaili anamchokoza.

"Mara moja haitoshi? Wewe nikikuambia chakula tayari husubiri nirudie?"

Mapaji ya wachezaji yakaanza kuwasha. Kisha ngozi ikababuka, ikaacha baka jeusi la duara, kama sarafu imebandikwa juu ya nyusi. Na hapo ndipo akili za watu zilipopinda. Badala ya kushtuka, vijana walifurahi. Wakaliita baka lile muhuri.

Mwenye muhuri ndiye mwanamume, haogopi mpira. Kwenye ngoma wasichana waliwatambua Chapakazi kwa mapaji. Timu za jirani zilipowaona wanashuka kwenye lori, kumi na mmoja wenye alama moja, zilinong'ona kwamba wametoka kwa mganga. Wachezaji wa akiba, ambao mpira haukuwafikia vya kutosha, walijichoma kwa siri kwa ganda la korosho ili nao wahesabiwe wanaume.

"Nami nilijivunia," anasema Ismaili. "Langu ndilo lilikuwa jeusi kuliko yote. Ndipo nikaitwa Paji."

Sikukuu ya Azimio, Februari 1972, Chapakazi ilikwenda mjini kucheza na timu ya Ufukoni. Siku mbili kabla, mpira ulikuwa umepakwa upya, lakini jua lilikuwa la kuombea. Juu palikauka. Chini ya ngozi mafuta yalibaki yakiwa hai, yakingoja tu kitu cha kuyatoa.

Mvua ikaanza kipindi cha pili. Zikiwa zimebaki dakika chache, bila kwa bila, Alfredo akapiga kona.

Ismaili anaisimulia kona ile kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea msibani. Ilikuja ikipinda, yenye adabu, mahali palepale. Akaruka. Kidevu shingoni, meno yamekutana, kiuno kimepinda. Macho wazi.

"Niliuona mpaka mwisho. Niliona kamba, niliona mshono. Kitu cha mwisho ambacho jicho hili lilikiona sawasawa ni mshono wa mpira."

Wavu ukatikisika. Mafuta na maji vikamtiririka kutoka kwenye paji, vikaingia jicho la kulia. Watu wakamwinua mabegani, wakamzungusha uwanja mzima wakiimba. Yeye alikuwa analia na kupiga kelele. Walidhani ni furaha.

Alipoteremshwa, jicho lilikuwa limevimba kama embe bichi. Ndani ya lori wakamsafisha kwa maji ya mvua, na walipofika nyumbani mama mmoja anayenyonyesha akaitwa amtilie maziwa. Hospitali alifikishwa siku ya tatu. Daktari alimwambia kwamba kioo cha jicho kimeungua na mahali pake pamebaki kovu. Tangu siku hiyo, upande wa kulia wa dunia Ismaili anauona kama mtu anayechungulia kupitia chandarua kilichokunjwa mara nne.

Alijaribu kurudi uwanjani. Mtu mwenye jicho moja hawezi kupima mpira ulioko hewani; unamfikia kabla au baada. Mechi ya mwisho aliruka, akapiga hewa, akaanguka kifudifudi. Watazamaji wakacheka, kwa kuwa hawakujua. Hakuruka tena.

Alfredo alirudi kwao baada ya nchi yake kujitawala mwaka 1975. Ismaili alimsindikiza mpaka Kilambo. Pale ukingoni mwa mto walisimama, mtumbwi unangoja, mwenye mtumbwi anakohoa. Mwishowe Alfredo akasema, "Ndugu yangu, nimekupigia krosi nyingi. Ile moja unisamehe."

"Nikamwambia, ile moja ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote," anasema Ismaili. "Ndiyo maana inauma. Ingekuwa mbaya nisingeifikia."

Wakati wa kuhamia vijijini, familia za Mchopa ziliacha mikorosho yao nyuma, mbali, na kujengewa safu za nyumba pamoja na watu kutoka vitongoji saba. Majirani hawakujuana. Wengine walizungumza Kimakonde, wengine Kiyao, wengine Kimakua, na Kiswahili cha kila mmoja kilikuja na lafudhi ya kwao. Kilichowakutanisha kwanza ni Chapakazi. Serikali ya kijiji ikamwomba Ismaili awe mwalimu wa timu.

Akakubali siku hiyohiyo. Akashona kifuko cha sufi, akakitundika kwenye mkorosho nyuma ya nyumba yake, na kila jioni baada ya kazi vijana wakapanga foleni chini yake. Hakulipwa. Somoe anasema hajawahi kumwona mume wake amenyooka mgongo kama miaka ile mitatu.

"Alikuwa akirudi ghalani amechoka, hasemi na mtu," anasema. "Akiisikia sauti ya vijana, utafikiri kamwagiwa maji."

Mpira wa zamani ulikuwa umeoza. Walicheza na wa matambara, na mwaka jana na wa kuazima. Kisha Januari hii, kwa fedha iliyotengwa na kijiji kutokana na mauzo ya korosho, ukaja mpira mpya wa ngozi, bado unanuka duka. Watu walikuja kuutazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga.

Kikao cha kamati kiliitwa. Ajenda moja: namna ya kuutunza.

Kasiani, ambaye sasa ni mwenyekiti, alisimama akiwa na mpira kwapani. "Mpira ni huu mmoja. Mvua ndiyo hizi. Usipopakwa utaoza kabla ya masika kwisha. Ndugu Ismaili, wewe una mpira mwingine nyumbani?"

"Sina," Ismaili alijibu. "Sina na jicho jingine."

Aliyefuata kusema alikuwa Mikaeli, mshambuliaji wa kati mwenye umri wa miaka ishirini, mwanafunzi bora kuliko wote waliopita chini ya kifuko cha sufi.

"Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini nyie mlikuwa na muhuri, mkashinda. Sisi tukienda Ufukoni na mapaji laini kama ya maharusi, si watatucheka?"

"Heri wakucheke ukiwa unawaona," Ismaili alisema.

Walibishana mpaka taa ikaletwa. Mwishowe Ismaili akatoa neno ambalo mpaka leo linamrudia: wauache mpira bila mafuta kwa mechi ya sikukuu tu, na wakishindwa, lawama zote ni zake. Kasiani akampa mkono.

Siku mbili zilizobaki kabla ya mechi, Ismaili aliwafundisha vijana jambo ambalo hakuwahi kulifundisha. Mpira mkavu, pigeni. Mpira ukishakunywa maji, msipokee kwa kichwa mpira mrefu unaotoka mbali, hasa wa golikipa. Uacheni udunde kwanza, ndipo mwende nao kwa kifua au mguu. Vichwa viwe kwa krosi za karibu tu. Alikuwa akiwaza vimulimuli vyake mwenyewe na sentensi zinazokatika.

Vijana waliitikia, "Ndiyo, mwalimu." Mikaeli naye aliitikia.

Februari tano mvua ilianza asubuhi. Mpira usiopakwa ulifanya kile ambacho kila mtu alitabiri: ukanywa, ukavimba, ukawa mzito mpaka kuupiga ilikuwa kama kupiga gogo. Bila kwa bila, tena mjini, tena mvua. Waliokuwapo mwaka ule mwingine walianza kutazamana.

Dakika za mwisho golikipa wa Ufukoni aliupiga mpira mrefu, juu, ukaja ukishuka katikati ya uwanja. Chini yake alikuwa Mikaeli, peke yake. Alipinda kiuno. Ismaili, akiwa kando ya mstari, anasema aliona kila kitu kikiwa mahali pake: kidevu, meno, macho. Kisha Mikaeli akakumbuka alivyofundishwa. Akarudi nyuma hatua moja, akaungoja udunde.

Kwenye matope mpira haukudunda. Ulizama. Mchezaji wa Ufukoni akaupitia, akatoa pasi, na pasi ikawa bao.

Kelele za watazamaji Ismaili anazikumbuka neno kwa neno. "Mpira unapigwa kichwa, haupewi salamu!" Na mwingine, wa kijijini kwake, sauti aliyoitambua: "Mwalimu wa chongo kafundisha chongo mwenzake!"

Waliporudi kijijini, Mikaeli alimfuata Ismaili hadi mlangoni. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali.

"Mwalimu, ningeupiga."

"Najua."

"Ningeupiga, ningeuokoa. Mimi nilikuwa tayari."

"Najua, baba. Kalale."

Tangu siku ile wakikutana njiani Mikaeli humwamkia, akapita.

Kesho yake mpira ulipokuwa ukikaushwa, mshono mmoja ukaachia. Kasiani akaushona, akautengeneza, na jioni akaja ghalani. Hakuja na ukali. Alisema tu, "Ndugu yangu, pumzika kidogo." Neno hilo, pumzika, Ismaili analichukia kuliko kama lingekuwa fukuzo. Fukuzo unaweza kulijibu.

Usiseme Kasiani ni mtu mbaya. Ana baka lake juu ya nyusi, limefifia lakini lipo. Ndiye aliyembeba Ismaili mgongoni kutoka kituoni hadi hospitali mwaka ule. Barazani kwake, chini ya mpira unaoning'inia, anazungumza kama mtu anayejitetea mbele ya nafsi yake.

"Lile jicho linaniuma hata mimi. Lakini kosa letu halikuwa mafuta. Kosa ni kwamba hatukuyakausha. Safari hii nitayakausha juma zima." Anauzungusha mpira kwa kidole, anaunusa. "Kijiji kimeuza korosho kununua kitu hiki. Ukioza mikononi mwangu nitawaambia nini?"

Na vijana je, wanaogopa?

"Wanaogopa?" Anacheka bila furaha. "Wawili nimewakamata jana wanajipaka paji kwa kidole. Wanautaka muhuri kabla ya mechi."

Ismaili ameambiwa habari hiyo. Anapoizungumzia sentensi hukatika katikati, na safari hii si kwa sababu ameisahau.

Amekwenda kwa mjomba wake wa Newala, anayefuga nyuki kwenye mizinga ya magogo, akarudi na bonge la nta. Ameiyeyusha pamoja na mafuta ya nyonyo, akapaka kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu, akakiacha nje kwenye mvua. Maji hayakuingia. Amejisugua kwa ngozi ile kwenye paji, kisha kwenye kope la jicho lake zima, huku Somoe akimpigia kelele kama anayempigia mtu anayetaka kuruka kisimani. Haikuwasha.

Jumamosi jioni anakusudia kumpelekea Kasiani bonge hilo, na kumwomba wausugue mpira kwa majivu na sabuni mpaka weusi utoke, kisha waupake nta. Hataki kurudishiwa ualimu. Anasema hata akikatazwa kusogea uwanjani, sawa, mradi mpira ule usafishwe.

Kasiani alipoelezwa mpango huo alikuna kichwa. "Aje. Mlango wangu haujamfungia. Lakini nta hatuijui. Mafuta tunayajua."

Jibu hilo lilipomfikia Ismaili alikuwa amekaa kizingitini, miguu kwenye mchirizi wa maji ya mvua, Somoe nyuma yake anapepeta. Alilitafakari. Kisha akaulizwa swali ambalo kijiji kizima kinaulizana pembeni: mpira ule wa golikipa, siku ile, katika mvua ile, angekuwa yeye Paji wa zamani, angeuacha udunde?

Alitazama njia kwa jicho lake la kushoto.

"Ningeupiga," alisema. "Mungu anisamehe. Ningeupiga, na leo ningekuwa shujaa, na kesho ningekuwa sijui jina langu. Ndiyo maana sikumwambia Mikaeli afanye kama mimi."

"Na Kasiani akiikataa nta?" Somoe akauliza, ungo umesimama mkononi.

Kwa miaka mitatu chini ya mkorosho amewasahihisha vijana kwa jambo moja kuliko mengine yote. Aliyekosea jambo hilo alirudishwa mwisho wa foleni mpaka alipate.

"Akikataa nitamwomba nusu saa tu na Mikaeli kabla ya mechi," alisema. "Nimfundishe kufumba macho."

"Si ulisema anayefumba atagongana na watu?"

"Atagongana. Atavunjika pua, na mpira atakuwa hajui kuupiga tena, maana ukishajifunza kuuogopa huachi." Akainuka, akajishika mlangoni. "Pua huungwa, mama Halima."